Shajara ya albamu ya gitaa: roki nzito, bluzi na fyusheni

Januari, mwanzoni

Kazi imeanza. Albamu itakuwa ya gitaa, nyimbo zake karibu zote hazitakuwa na mwimbaji, na itachanganya mitindo mitatu ninayoipenda kwa moyo wote: roki nzito, bluzi na fyusheni, yaani jazi iliyochanganywa na roki. Najua jinsi mradi wa namna hii unavyoharibika. Mpiga gitaa hutunga wimbo mmoja wa roki, mmoja wa bluzi, mmoja wa fyusheni, akazipanga moja baada ya nyingine, kisha akasema amechanganya. Hapo hakuna mchanganyiko, kuna foleni.

Ninachokitafuta nilikisikia kwanza kwenye Spectrum, albamu ya Billy Cobham ya mwaka 1973. Cobham alikuwa mpiga ngoma wa Mahavishnu Orchestra, bendi ambayo jazi na roki zilikuwa zinapigana mieleka kila usiku. Alipofika kutengeneza albamu yake mwenyewe hakumchukua mpiga gitaa wa jazi. Alimchukua Tommy Bolin, kijana wa miaka 21 aliyekulia kwenye roki na bluzi, akamweka pamoja na Leland Sklar kwenye besi na Jan Hammer kwenye kinanda, wakarekodi Electric Lady, ile studio ya New York aliyoijenga mpiga gitaa Jimi Hendrix. Ukisikiliza, Bolin hajaribu kabisa kuwa mwanajazi. Anapiga misemo ya bluzi kwa nguvu za roki, na ngoma zinazopita chini yake ndizo zinazoigeuza misemo hiyo kuwa kitu kipya. Mwaka 1975 Bolin alitoa Teaser, albamu yake ya kwanza ya peke yake, na mwaka huohuo akaingia Deep Purple, bendi ya roki nzito. Desemba 1976 alikuwa amekwishafariki, akiwa na miaka 25. Bado inaniuma kila nikiifikiria.

Mwaka huohuo wa 1975 mpiga gitaa Jeff Beck alitoa Blow by Blow, mtayarishaji akiwa George Martin. Albamu ya gitaa isiyo na mwimbaji ilifika nafasi ya 4 kwenye chati ya albamu ya Billboard, Marekani. Wanaosema muziki wa aina hii hauna wasikilizaji wajibiwe kwa namba hiyo.

Nimezisikiliza hizo albamu upya nikiwa na swali moja: nani anafanya kazi gani? Jibu ninaloliona ni hili. Bluzi inashika melodi, yaani ndiyo inayozungumza. Fyusheni inashika mdundo na kordi (nota zinazopigwa pamoja), sehemu ya chini ambayo msikilizaji huihisi kabla hajaielewa. Roki nzito inashika sauti yenyewe, uzito wake na msukumo wake. Kila mtindo umepewa kazi, na hakuna unaosubiri zamu. Hiyo ndiyo kanuni ya albamu hii, nimeiandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya meza ya kurekodia.

Januari, mwishoni

Nimetumia muda mwingi kwenye ufunguo wa A, kwa sababu hapo ndipo mikono yangu ilipolelewa, na nimefurahi kuona kwamba mpaka kati ya bluzi na fyusheni ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani.

Skeli ya bluzi ya A, yaani ngazi ya nota zake, ina A, C, D, E bapa (E iliyoshushwa nusu toni), E na G. Skeli ya Doria ya A, ambayo wapigaji wa fyusheni hawaachani nayo, ina A, B, C, D, E, F kali (F iliyopandishwa nusu toni) na G. Nota tano ni zilezile. Doria inaongeza B na F kali, na bluzi inaongeza ile E bapa yenye uchungu. Sasa angalia kordi ya pili ya bluzi, D7: ndani yake kuna D, F kali, A na C. Ile F kali inayodaiwa kuwa ya fyusheni ilikuwa imekaa ndani ya bluzi tangu zamani, ndiyo nota ya tatu ya D7. Kwa hiyo ninapopiga misemo ya bluzi juu ya A7 na kutua kwenye F kali mara tu kordi inapogeuka kuwa D7, sijahama nyumba. Nimefungua dirisha tu.

Jambo la pili ni ile nota ya tatu ya A7 yenyewe. Kordi inasema C kali, skeli ya bluzi inasema C. Mpiga kinanda lazima achague mojawapo. Mpiga gitaa anaweza kuisukuma C juu kidogo, robo ya toni hivi, akakaa katikati pale ambapo hakuna kibonye chochote cha kinanda. Bluzi yote inaishi katika nafasi hiyo ndogo. Nimejiwekea sharti: katika kila wimbo, hata ule wenye kordi ngumu kuliko zote, nafasi hiyo lazima isikike.

Na juu ya E7 kuna kordi ambayo mitindo yote mitatu inakutana bila kulazimishwa: E7 yenye tisa iliyopandishwa. Ina E, G kali, B, D, na juu kabisa G. Nota ya tatu kubwa na ndogo zimekaa pamoja katika kordi moja, ndugu wawili wanaogombana. Wanajazi waliitumia mapema, Hendrix akaipeleka kwenye roki mpaka watu wengi wakaiita kwa jina lake. Wimbo wa kufungulia albamu utaanza na kordi hiyo, bila utangulizi.

Februari

Wiki za mdundo. Nina rifu moja, msemo mfupi wa gitaa unaorudiwa, ya saba kwa nane (kila kipimo kina nota saba za nane, kila moja nusu ya robo), ambayo imekaa nami muda mrefu, nzito, ya nyuzi za chini, na tatizo lake lilikuwa la kawaida kwa rifu za namna hii: ukiipiga unamsikia mtu anahesabu. Mbili, mbili, tatu. Mbili, mbili, tatu. Msikilizaji akianza kuhesabu, mwili wake umesimama.

Mpiga ngoma aliisikiliza mara moja, akasema, "Kaka, wewe baki na saba yako. Mimi nitapiga moja, mbili, kama wimbo wa roki wa kawaida." Hesabu yake ni nzuri sana. Vipimo viwili vya saba kwa nane vina nane kumi na nne, sawasawa na robo saba. Kwa hiyo anapiga robo zake zinazolingana bila kukatika, kiki (ngoma kubwa ya mguu), sneya (ngoma ndogo ya fimbo), kiki, sneya, na tunakutana kila baada ya vipimo viwili. Kwa kuwa saba haigawanyiki kwa mbili, mara ya kwanza tukikutana pale ilipokuwa kiki sasa ipo sneya. Tukifika vipimo vinne, kila kitu kimerudi mahali pake. Shingo ya msikilizaji inatikisika kwa mdundo rahisi huku rifu inateleza juu yake, na sneya inageuza upande bila mtu kuambiwa. Hii ndiyo fyusheni ninayoitaka, inayofanya kazi chini kwa chini bila kujitangaza.

Bluzi ya taratibu nayo imepata mdundo wake, ule wa kuchechemea wa nane tatu tatu, polepole kabisa. Hiyo tumekubaliana tutairekodi bila kliki, ule mlio wa mashine unaoshika kasi. Mpigo wa kuchechemea hupumua, unavutwa nyuma kidogo melodi inapolia na kusogea mbele melodi inapokasirika, na kliki ingeukaba koo. Rifu ya saba itatumia kliki kwa vipimo vya kuingilia tu, kisha tunaizima.

Machi

Sauti. Sehemu hii ningeweza kuandika mwaka mzima.

Tatizo kubwa la kuchanganya roki nzito na fyusheni ni la fizikia, halina uhusiano na ladha ya mtu. Amplifaya ikisukumwa mpaka sauti ikakwaruza, haiongezi tu nguvu. Inazaa nota mpya ambazo hukuzipiga, jumla na tofauti ya mitetemo ya zile ulizopiga. Ukipiga A na E ya juu yake, yaani mitetemo 110 na karibu 165 kwa sekunde, tofauti yake ni 55, ambayo ni A nyingine, oktavu nzima chini. Ndiyo sababu kordi ya nota mbili za roki inasikika kubwa kuliko gitaa lenyewe: amplifaya inakuongezea besi ya bure. Lakini chukua kordi ya fyusheni yenye nota tano, kila jozi ikizaa jumla na tofauti zake, na nyingi kati ya hizo hazipatani na kordi yenyewe. Kinachotoka ni uji.

Njia tuliyoipata ni kuigawa kordi kwa watu. Besi inashika nota ya msingi. Kinanda kinashika nota ya tisa na ya kumi na tatu, rangi zile za juu, kwa sauti safi. Gitaa lenye mkwaruzo linabaki na nota mbili tu, ya tatu na ya saba, kwa sababu hizo ndizo zinazosema kordi ni ya aina gani. Kwa A7 ni C kali na G. Kordi ikienda D7, C kali inashuka nusu toni kuwa C, na G inashuka nusu toni kuwa F kali. Vidole viwili vinateleza freti moja nyuma, basi, na kordi nzima imegeuka. Kwa mkwaruzo mzito nota hizo mbili zinanguruma bila kuchafuka. Niliposikia hivyo kwa mara ya kwanza kwenye spika, nikiwa na bendi yote chumbani, nilijua albamu ipo.

Amplifaya ni mbili zinazopiga kwa pamoja. Moja ina valvu (taa za kukuza sauti) za EL34, yenye kelele nzuri za katikati, inashika uzito. Nyingine ina 6L6, safi zaidi, besi yake imekaza, inashika umbo la nota. Zote mbili zimepandishwa sauti na sigusi vitufe vyake katikati ya wimbo. Kusafisha sauti nafanya kwa kitufe cha sauti kwenye gitaa: nikikishusha hadi kama sita, amplifaya inapumzika na kordi za jazi zinafunguka, nikikipandisha, roki inarudi. Mkono mmoja unaweza kuvuka mitindo yote mitatu ndani ya msemo mmoja wa gitaa, na hakuna pedali (kisanduku cha mguu cha kubadili sauti) inayoweza kufanya hivyo kwa ulaini uleule.

Pedali ninazotumia ni chache. Ya kukwaruza kidogo, yenye kuinua sauti za katikati karibu na mitetemo 720, ili solo ipenye katikati ya matoazi. Ya wawa, inayofanya gitaa lilie kama mtu anayesema "wa-wa". Na fazi, pedali ya mkwaruzo mzito, ya transista za jermanium, chombo kitamu kinachobadilika na joto la chumba; chumba kikipata joto inalegea na kupoteza makali. Tumekubaliana sehemu zote za fazi zirekodiwe asubuhi.

Aprili

Tumerekodi msingi. Ngoma, besi, kinanda na gitaa pamoja, chumba kimoja, amplifaya zangu zikiwa nyuma ya mlango ili zisivuje kwenye maikrofoni za ngoma. Biti 24, kilohezi 48. Nimesisitiza tupige pamoja kwa sababu muziki huu ni mazungumzo. Mpiga ngoma akinisikia navuta uzi kwa muda mrefu, anashikilia toazi lake. Nikimsikia anaanza kujaza, nanyamaza. Mambo hayo hayaji ukirekodi mtu mmoja mmoja juu ya mwenzake.

Fundi wa sauti alitumia muda mrefu kwenye maikrofoni za spika, na nilimpenda kwa hilo. Aliweka maikrofoni mbili mbele ya spika moja, ya kawaida ya roki karibu kabisa na kitambaa, na ya utepe nyuma yake kidogo. Zilipounganishwa, sauti ya katikati ilitoboka. Sababu yake ni umbali. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, hivyo maikrofoni iliyo sentimita 17 nyuma ya nyingine inapokea sauti nusu milisekunde baadaye, na nusu milisekunde inatosha kuifuta mitetemo 1000, mahali penyewe ambapo gitaa linaongea. Alisogeza ya utepe mbele kidogo kidogo huku akisikiliza, mpaka zote mbili zikawa mstari mmoja na sauti ikajaa. Hakugusa kitufe chochote cha kusawazisha.

Solo nyingi zimebaki zile zilizopigwa pamoja na bendi. Zina mikwaruzo, kuna mahali pumzi yangu inasikika. Zibaki hivyo.

Mei

Nimeondoa wimbo mmoja. Ulikuwa mzuri, wa kasi, wenye mistari ya pamoja ya gitaa na kinanda inayohitaji vidole vya moto, na wote tuliupiga vizuri. Lakini nilipouweka kando ya karatasi iliyo ukutani, bluzi haikuwa na kazi ndani yake. Melodi ilikuwa skeli zinazopanda na kushuka. Ningeweza kupachika mivuto michache ya nyuzi juu yake, na kila mtu angesikia kwamba imepachikwa. Umetoka, zimebaki nyimbo nane.

Jambo lililonisaidia kuamua ni kumsikiliza tena Albert King, mpiga gitaa wa bluzi. Alipiga gitaa kwa mkono wa kushoto huku nyuzi zikiwa za mkono wa kulia, zimegeuka juu chini, hivyo nyuzi nyembamba alizivuta kuelekea chini kwa nguvu zote za kiganja. Anakupa nota chache, lakini kila moja anaivuta mpaka inasema kitu. Fyusheni inampa mpiga gitaa ruhusa ya kupiga nota nyingi sana, na ruhusa hiyo ni nzuri, lakini lazima kuwe na mtu ndani yako anayeuliza kila nota imekuja kusema nini. Kwangu mimi mtu huyo ni bluzi.

Nimerudia solo ya wimbo wa tatu kwa mtazamo huo. Nusu ya kwanza sasa ina nota chache sana juu ya kordi zinazobadilika haraka. Kordi zinakimbia, melodi imesimama, na kusimama kwake kunazifanya kordi zisikike. Nusu ya pili ndipo mistari mirefu inapokuja, baada ya kustahili.

Kinanda kimeongezewa sauti za sintesaiza sehemu mbili. Jan Hammer alionyesha miaka ya 1970 kwamba gurudumu la kupinda sauti linaweza kuifanya sintesaiza ilie karibu kama gitaa, na mpiga kinanda wetu amelifanyia mazoezi kwa uvumilivu. Kuna mahali tunapokezana misemo mifupi na huwezi kusema ni nani anayepiga.

Juni

Kumiksi, yaani kupatanisha sauti zote zilizorekodiwa. Vita viko chini. Uzi mnene wa gitaa unaanza mitetemo 82, besi iko oktavu moja chini ya hapo, kiki iko palepale, na roki nzito inamshawishi kila mtu aongeze sauti za chini. Tumekata gitaa chini ya mitetemo 90 hivi kwenye nyimbo zote isipokuwa bluzi ya taratibu. Gitaa likisikilizwa peke yake linaonekana limekonda. Likiwa na bendi ni zito kuliko mwanzo, kwa sababu uzito linaazima kwa besi.

Nimepigania jambo moja: tofauti ya sauti kubwa na ndogo ibaki. Albamu za roki hukandamizwa ili kila sekunde iwe na nguvu, na hapo ile kazi ya kitufe cha gitaa ingepotea, kwani nikishuka hadi sita na nikipanda hadi kumi vingesikika sawa. Huduma za kusikiliza muziki mtandaoni hata hivyo husawazisha sauti. Spotify hulenga LUFS −14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na wimbo uliokandamizwa kupita kiwango hicho hushushwa tu. Aliyekandamiza hapati ukubwa wowote wa ziada, na uhai wa muziki amekwisha kuutoa. Fundi amekubaliana nami kabisa, kazi imekwenda vizuri.

Julai

Mpangilio wa nyimbo umekamilika. Albamu ina takriban dakika 40, nyimbo nne kila upande, dakika kama 20 kwa upande, kipimo kinachokaa vizuri kwenye sahani ya santuri ya mizunguko 33 bila kulazimika kupunguza sauti.

Santuri ina sheria yake ninayoipenda. Sahani inazunguka kwa kasi ileile, lakini sindano ikikaribia katikati mzunguko unakuwa mfupi, hivyo kila sekunde ya muziki inapata urefu mdogo wa mfereji. Sauti za juu kali huumia hapo: matoazi huchakaa, mkwaruzo wa gitaa hukwaruza vibaya. Kwa hiyo rifu ya saba kwa nane na wimbo wa kordi ya E7 zimekaa mwanzo wa kila upande, nje kabisa, na kila upande unaishia na wimbo mpole. Upande wa pili unaishia na bluzi ya taratibu. Ni mpangilio ambao ningeuchagua hata bila santuri, kwa sababu baada ya mdundo wote ule wa saba, vipimo kumi na viwili vya bluzi vinasikika vipana sana.

Fundi wa masteringi, hatua ya mwisho ya kusawazisha sauti, atapokea faili za nyimbo zote nane Jumatatu, kileleni zikiwa zimeachiwa nafasi ya desibeli sita. Nimemwandikia maelekezo mafupi: mapengo kati ya nyimbo nimeyapima kwa mapigo ya wimbo uliotangulia, asiyabadilishe, kati ya wimbo wa tatu na wa nne kusiwe na pengo kabisa, na ile sekunde ambapo amplifaya inavuma kabla ya bluzi ya mwisho kuanza, asiifute.

Kazi iliyobaki upande wangu ni maandishi ya jalada na misimbo ya ISRC, vitambulisho vya kimataifa vya rekodi, herufi na tarakimu 12 kwa kila wimbo. Kwenye jalada, jina la mpiga ngoma litaandikwa kwanza kwenye wimbo wa saba kwa nane, kama mtunzi mwenza.